Tangi Halizalishi Upepo: Kompresa ya Kudumu Kwenye Gari la Field

Kwenye safari za field kuna jambo moja ambalo madereva wengi wazoefu wanalijua lakini hawalifanyi: kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani. Ukiwauliza watakujibu bila kuzunguka. Ukishautoa upepo, utaurudisha na nini? Kituo cha mafuta kilichopita kiko nyuma kilomita 90, kijacho hakijulikani, na kile kipampu cha kuchomeka kwenye soketi ya kuwashia sigara kilishaungua tangu safari ya mwaka juzi.

Basi dereva anabaki na njia mbili. Ya kwanza ni kuingia mchangani na tairi ngumu, gari linazama, na ninyi wanafunzi mnashuka kuchimba na kusukuma kwenye jua. Hiyo inachosha, ila mtarudi salama. Ya pili ni kupunguza upepo, kupita vizuri, kisha kuingia lami na tairi zile zile laini, mwendo wa 80, watu kumi nyuma, na mizigo juu ya paa. Hii ya pili ndiyo inayoua.

Mimi nasoma uhandisi mitambo. Mafunzo yangu kwa vitendo, PT kama tunavyoiita, niliyafanya kwenye gereji moja Arusha inayohudumia magari ya watalii na ya watafiti. Kazi niliyoifuata kwa karibu kuliko zote ilikuwa kufunga kompresa ya upepo na tangi lake ndani ya Land Cruiser ya mkonga. Nimeona wengi, pamoja na sisi wa uhandisi, tunaelewa vibaya tangi hufanya nini, na hilo kosa linakula hela na linaweza kula mtu. Kwa hiyo makala hii inaeleza mfumo mzima, ili hata wewe wa jiolojia, wanyamapori au sosholojia ujue umepanda gari la namna gani.

Kabla sijaendelea: mtaani tunaposema "tairi ina upepo 40" tunamaanisha PSI 40, yaani pauni 40 kwa kila inchi ya mraba, juu ya presha ya kawaida ya hewa inayotuzunguka. Nitaandika hivyo hivyo.

Kwa nini upepo utolewe, na kwa nini lazima urudi

Chukua gari la tani 3 lenye mzigo umegawanyika sawa. Kila tairi inabeba kilo 750. Kwa makadirio ya haraka, eneo la tairi linalogusa ardhi ni uzito ukigawanywa kwa presha. Kwa upepo 40, eneo hilo ni sentimita za mraba kama 265, pungufu kidogo ya nusu ya karatasi ya A4. Ukishuka hadi 20, linakuwa kama 530, karibu karatasi nzima. Ni makadirio tu, maana ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ya mzigo, lakini picha ndiyo hiyo: mzigo ule ule umetandazwa kwenye eneo mara mbili, na mchanga unaacha kukatika. Ndiyo maana kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, kando ya Ziwa Natron, gari moja hupita taratibu na lingine hukwama palipo tambarare kabisa.

Sasa upande wa pili. Tairi laini hujikunja zaidi kila inapozunguka. Mchangani, mwendo wa 20, si tatizo kubwa. Lakini kwenye lami, mwendo wa 80, tairi ya ukubwa huu huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde, na kila mzunguko ukuta wake unakunjwa na kunyooka. Kazi hiyo hugeuka joto. Mpira hulainika, nyuzi za ndani huanza kuachana na mpira, na tairi hupasuka bila kukuonya kwenye usukani. Dereva husema "tairi ilikuwa mbovu". Mara nyingine tairi ilikuwa nzima kabisa, imekosa upepo tu.

Kwa hiyo kompresa ndani ya gari si urembo wa watu wa magari. Inamwezesha dereva atoe upepo panapohitajika, na inamwondolea sababu ya kutourudisha.

Hesabu ambayo watu hawapigi

Wengi huanza na tangi. Wanaona mabasi ya mkoani na malori yana matangi ya upepo chini, wanasema nikifunga langu la lita 10 nitajaza tairi zote fasta. Tupige hesabu kwa kanuni ya Boyle, ile ya 1662 tuliyoimeza sekondari: hewa ikiwa kwenye joto lile lile, presha mara ujazo haibadiliki.

Tairi ya 7.50R16, ambayo ni ya kawaida kwenye Land Cruiser hizi, nimekadiria kwa vipimo vyake kuwa ina nafasi ya ndani kama lita 60. Kuipandisha kutoka 20 hadi 40 unahitaji nyongeza ya PSI 20. Presha ya hewa ya kawaida usawa wa bahari ni PSI 14.7. Kwa hiyo hewa ya nje unayotakiwa kuisukumia ndani ni 60 × 20 ÷ 14.7, yaani kama lita 82. Tairi nne ni karibu lita 330.

Sasa tangi la lita 10 lililojazwa hadi 120. Linaweza kutoa hewa mpaka presha yake ishuke kufika ile ya tairi, yaani 40. Hapo tofauti ni 80, na hewa iliyotoka ni 10 × 80 ÷ 14.7: lita 54.

Umeona? Tangi zima halitoshi hata tairi moja, na wewe unazo nne. Lita zilizobaki, karibu 275, zinatoka kwenye kompresa, dakika kwa dakika. Kompresa ndogo ya soketi ya sigara inayotoa lita 15 kwa dakika itahitaji dakika 22 za kazi mfululizo kwa lita 330, na kwa joto la Natron nyingi za aina hiyo zitaomba kupumzika katikati. Kompresa nzuri ya umeme inayotoa lita 60 kwa dakika ikiwa inasukuma dhidi ya presha 30 itamaliza ndani ya dakika 6.

Tangi ni kama kibubu. Linakuwekea akiba uitumie kwa mkupuo, lakini kipato chako ni kile kile. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua kompresa kubwa na uache tangi.

Basi tangi lina kazi gani? Lipo kwa mambo yanayotaka hewa nyingi kwa muda mfupi. Tairi isiyo na tyubu ikitoka kwenye ukingo wa rimu, inahitaji pigo moja la upepo mwingi ili ikae tena. Filta ya hewa ya injini iliyojaa vumbi husafishwa kwa kupulizwa taratibu kutoka ndani kwenda nje. Na kwenye magari yenye kufuli ya difu inayoendeshwa kwa upepo, kama zile za kampuni ya ARB ya Australia, tangi huifanya kufuli iitike mara moja bila kompresa kuwaka na kuzima kila dakika. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, tangi litakuwa uzito wa kubeba tu.

Kompresa ipi

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kompresa ya umeme wa volti 12, inayofungwa moja kwa moja kwenye gari. Hii ndiyo rahisi kufunga na ndiyo tuliyoifunga sisi.

Ya pili ni kugeuza kompresa ya AC iendeshwe na mkanda wa injini kusukuma hewa. Inatoa upepo mwingi sana, lakini chagua kwa makini. Zile za zamani za pistoni za York zina sampu yake ya mafuta chini, ndiyo maana watu wa magari ya porini wanazipenda. Aina nyingi za Sanden hutegemea mafuta yanayozunguka pamoja na gesi ya AC. Ukiipa hewa tupu bila kuipangia ulainishaji, itajikwangua yenyewe hadi ife. Na aina zote mbili huweza kurusha mafuta kidogo kwenye upepo, kwa hiyo panahitajika kichujio cha kuyanasa.

Ya tatu ni ile ya kubeba mkononi yenye klipu za kushika betri. Usiidharau. Kwa gari linaloenda field mara mbili kwa mwaka, kompresa nzuri ya klipu ndani ya boksi lake inatosha, na ikiharibika unaitoa bila kufungua gari. Ile ya vijiweni iliyotengenezwa kwa kompresa ya friji iache pale pale kijiweni. Inataka umeme wa volti 220 na hutoa upepo kidogo.

Ukinunua, usisome maandishi makubwa ya "PSI 150" kwenye boksi. Tairi yako haihitaji 150. Tafuta vitu viwili: inatoa lita ngapi kwa dakika ikiwa inasukuma dhidi ya presha, na inaweza kufanya kazi muda gani kabla ya kupumzishwa. Muuzaji asipoweza kukuonyesha hivyo viwili, huyo anauza boksi.

Mahali pa kuiweka

Kompresa hutaka hewa baridi, safi na kavu. Chini ya boneti kuna nafasi, lakini kuna joto na vumbi. Ndani ya kabini kuna usafi, lakini kelele zake zitawafanya msiongee. Sisi tuliiweka chini ya boneti upande ulio mbali na bomba la moshi, juu kabisa kadiri ilivyowezekana, ili gari likivuka mto maji yasiifikie. Bomba lake la kuvuta hewa tulilirefusha kwa mpira hadi sehemu ya juu zaidi, na kichujio chake kikahamia huko. Wazo ni lile lile la mkonga wa gari: injini hainywi maji, na kompresa isinywe pia.

Kibao chake cha kushikia kifungwe kwa bolti zenye nati za kujifunga, na raba katikati. Barabara ya makorongo na matuta madogo hulegeza kila kitu. Kompresa ya kilo kadhaa ikichomoka karibu na feni ya injini, safari imeishia hapo.

Umeme: hapa ndipo magari huungua

Kompresa ya maana hula ampea 30 au zaidi, na zile za mota mbili hukaribia 60. Soketi ya sigara kwa kawaida ina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Kwa hiyo umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, kwa waya wake wenyewe.

Unene wa waya si wa kukisia. Tuseme kompresa iko mita 4 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 8. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, una ukinzani kama omu 0.056 kwa urefu huo. Zidisha kwa ampea 30: unapoteza volti 1.7 njiani. Kompresa inapata volti pungufu na inazunguka kwa uvivu, huku wati 50 zikigeuka joto ndani ya waya uliopita chini ya zulia. Tumia milimita za mraba 10 na upotevu unashuka hadi volti 0.4. Waya mnene ni ghali, lakini gari ni ghali zaidi.

Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Mafundi wengine huiweka karibu na kompresa, wakidhani inailinda kompresa. Kazi yake ya kwanza ni kulinda waya. Waya ukichubuka katikati na kugusa bodi ya gari, sehemu iliyo kati ya betri na fyuzi haina ulinzi wowote. Kwa ampea 30 tulitumia fyuzi ya 40.

Swichi ya dashibodi isibebe ampea 30. Hiyo ni kazi ya rilei. Kwenye rilei ya kawaida, pini 30 hupokea umeme mkubwa kutoka kwenye fyuzi na 87 huutoa kwenda kwenye kompresa. Pini 85 na 86 ni za koili ndogo inayoamriwa na swichi. Tuliunganisha swichi ya dashibodi na swichi ya presha ya tangi kwa mfuatano kwenye njia hiyo ya koili: zote mbili zikubali ndipo kompresa iwake. Presha ikifika 120 inazima, ikishuka 90 inawaka. Na umeme wa koili ulichukuliwa mahali panapopata moto ufunguo ukiwashwa tu. Bila hivyo, tangi likivuja kidogo usiku, kompresa itakuwa inawaka na kuzima hadi asubuhi, na mtaamka porini na betri iliyokufa.

Hakikisha pia volti za gari. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli ni volti 24. Kompresa ya 12 hapo haidumu. Na wakati wa kujaza tairi, injini iwe inaunguruma ili altaneta isaidie betri.

Tangi, valvu na mabomba

Hewa iliyobanwa si kama maji. Tangi letu la lita 10 kwenye presha 120 limehifadhi nishati ya kama kilojuli 7, sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioachiwa kutoka mita 14 juu. Kifuniko chake cha pembeni chenye kipenyo cha sentimita 15 kinasukumwa na nguvu ya karibu tani moja na nusu. Na nyinyi mmekalia juu yake.

Siku moja mteja alikuja pale gereji na mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 6, mtupu, akitaka tuugeuze uwe tangi la upepo.

"Mzee wangu, chuma hiki si kizito kuliko hilo tangi lenu la duka?" alimuuliza fundi mkuu.

"Uzito sikatai, mwanangu," mzee akamjibu. "Ila nikishautoboa na kuuchomelea, hakuna mtu duniani anayejua utabeba presha ngapi. Mimi sitaufunga."

Mzee alikuwa sahihi, na sababu ni zaidi ya moja. Mtungi wenyewe ukiwa mzima una nguvu ya kutosha. Tatizo ni kuuchomelea: gesi iliyobaki ndani inaweza kulipuka, na joto la kuchomelea hubadilisha chuma pale pale kwenye kiungo kipya. Halafu mtungi huo haukuundwa kukaa na maji ndani, na upepo huleta maji, kama tutakavyoona. Vivyo hivyo kwa mabomba ya plastiki ya maji, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha. Nunua tangi la upepo lenye matundu yake ya thredi tayari na kibao kinachosema presha yake ya juu ya kazi. La mtumba lipimwe kwanza kwa maji: lijaze maji pomoni bila hewa, kisha lipandishe hadi mara moja na nusu ya presha yake ya kazi. Maji hayabanwi kama hewa, hivyo likishindwa litachuruzika tu, halitalipuka.

Mpangilio ni huu. Kutoka kwenye kompresa, mpira wenye nyuzi za chuma unaohimili joto, maana upepo unaotoka pale unaunguza. Kisha valvu ya njia moja, ili upepo usirudi kwenye kompresa na kuilazimisha ianze kazi ikiwa imebanwa. Kisha tangi. Juu ya tangi: geji, swichi ya presha, na valvu ya usalama. Chini kabisa: valvu ya kutolea maji. Kisha njia ya kwenda kwenye bampa, penye koki na kiungio cha kuchomeka mpira wa kujazia.

Valvu ya usalama ndiyo sheria ya mfumo wote. Swichi ikigoma kuzima, yenyewe ifunguke. Yetu ilifunguka 150, kwenye tangi lenye kibao cha 200. Iwe juu kidogo ya presha ya kuzimia, kamwe isizidi ya kibao, na pasiwe na koki yoyote kati yake na tangi. Mtu anayeiziba kwa sababu "inapiga kelele" mshushe kwenye gari.

Kitu kidogo kilichotuchelewesha: thredi. Viungio vya robo inchi vipo vya aina mbili, BSP na NPT. Ukivishika mkononi vinafanana. BSP ya robo ina meno 19 kwa inchi, NPT ina 18, na pembe za meno hazilingani. Vinaingiana mizunguko miwili mitatu, vinakaza, na unadhani umemaliza. Vitavuja daima. Amua aina moja kwa mfumo mzima. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba izungushwe kuelekea upande wa kukaza, na uache jino la kwanza wazi, la sivyo vipande vyake vitakatika na kukwama ndani ya valvu.

Tangi lifungwe kwa mikanda ya chuma yenye raba, ndani ya chasisi, mbali na bomba la moshi na juu ya usawa ambao mawe hugonga. Usilichomelee kwenye chasisi.

Ukimaliza, pandisha presha kidogo kidogo: 20, 40, 60, huku umesimama pembeni. Paka povu la sabuni kila kiungo. Panapotoa mapovu, shusha presha yote kwanza ndipo ukaze. Mwisho jaza hadi 120, zima, lala. Asubuhi geji iwe karibu pale pale, ikishuka kidogo tu kwa sababu ya ubaridi wa usiku.

Maji yanatoka wapi?

Watu wanashangaa kufungua valvu ya chini na kuona maji ya rangi ya kutu. Hayo yalikuwa kwenye hewa. Chukua hewa ya Dar, nyuzi 30, unyevu asilimia 80. Lita 330 zake zina gramu kama 8 za mvuke. Ukiibana hewa hiyo hadi 120 kisha ikapoa, nafasi ya kubeba mvuke inapungua, na gramu kama 7 zinageuka maji, kijiko cha chai na zaidi. Kila ukijaza, kijiko kingine. Usipoyatoa, tangi linaoza kutokea ndani, chini, mahali usipopaona. Rangi ya nje itaendelea kung'aa. Kwa hiyo kila siku ya safari, mwisho wa siku, fungua valvu ile.

Kutumia

Punguza upepo kabla ya kukwama, si baada. Kwa mchanga laini tulishuka hadi 20, kwa changarawe mbaya kama 30, na mwendo ulishuka pamoja na upepo. Lakini ukiwa na tairi za tyubu usizame chini sana. Tairi ikiteleza juu ya rimu huivuta tyubu na kung'oa valvu yake. Na rimu zenye ringi ya chuma inayotolewa, zile za zamani, ni hatari hasa baada ya kuziba pancha: ringi isipokaa sawa hurushwa kwa nguvu inayoweza kuua. Hizo zijazwe na fundi wa tairi mwenye vifaa, na wengine wote wakae mbali.

Wakati wa kurudisha, tumia mpira mrefu wenye geji, usimame pembeni ya tairi, usiegemeze kichwa juu yake. Tairi iliyotoka kutembea ina joto na itasoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo pima tena asubuhi zikiwa baridi.

Kabla hujapanda

Kati yetu wachache tutafunga mfumo huu kwa mikono yetu, ila karibu wote tutapanda gari la field. Dereva ana heshima yake, na mara nyingi anajua zaidi ya sisi wenye vitabu. Usimwendee kama mkaguzi. Msalimie vizuri, "Shikamoo mzee", halafu uliza: tuna kompresa? Geji ya tairi ipo? Mara ya mwisho imetumika lini? Wengi watafurahi kuulizwa, kwa sababu wameomba vifaa hivyo miaka nenda rudi na hakuna aliyewasikia.

Hapo ndipo pa kwetu. CR wa darasa linalokwenda field ana nafasi ya kuona bajeti ya safari kabla haijapitishwa. Posho imo, mafuta yamo, maji ya kunywa yamo. Ongezeni mstari mmoja: kompresa ya klipu, mpira mrefu, geji nzuri. Mfumo wa kudumu wenye tangi unaweza kuja baadaye, idara ikiona umuhimu. Na mkitoka mchangani, dereva akisema "tutajaza mbele ya safari", msiwe wepesi kurudi kwenye viti. Ombeni dakika sita.